NANI HUIPA TARAKILISHI NAMBARI YAKE?

Bila shaka wengi wenu mnaikumbuka ile Alhamisi ya muhula wa pili ambapo maabara yetu ya tarakilishi ilikwama. Tangu siku hiyo nimesikia mengi. Wengine wanasema ni virusi vilivyoletwa na kidato cha nne kwenye flashi zao. Wengine wanasema ni umeme uliopotea na kurudi kwa kishindo, kama ilivyo desturi yake huku kwetu Kianjokoma. Kuna hata mmoja aliyeniapia kwamba kiranja wa maabara alibadilisha nywila makusudi ili asiwepo mtu wa kutumia mashine bila yeye. Yote hayo si kweli. Ninajua kwa sababu aliyeharibu ni mimi.

Mwalimu mlezi wa chama chetu cha Kiswahili aliponiuliza ningependa kuandika nini katika jarida la mwaka huu, nilimwambia nataka kukieleza kisa hicho. Lakini hakieleweki mtu asipojua kwanza jinsi tarakilishi inavyopata nambari yake. Kwa hiyo mnivumilie, nitaanzia mbali kidogo.

Mashine yoyote inayotaka kuzungumza na mwenzake kwenye mtandao lazima iwe na anwani, kama vile barua isivyoweza kufika bila maandishi juu ya bahasha. Anwani hiyo huitwa anwani ya IP. Ile tunayoitumia sana huandikwa kwa mafungu manne ya tarakimu yaliyotengwa kwa nukta, kwa mfano 192.168.1.107. Kila fungu laweza kuwa sufuri hadi 255, halizidi hapo. Ukifanya hesabu yake, yaani 256 zidisha 256 zidisha 256 zidisha 256, utapata anwani 4,294,967,296. Zaonekana nyingi mno, lakini watu duniani wamepita bilioni nane, na siku hizi mtu mmoja aweza kuwa na simu, runinga na tarakilishi, zote zikitaka nambari. Hazitoshi hata kidogo.

Ujanja uliotumika kuziba pengo hilo ni sawa na ule wa sanduku la posta. Shule yetu ina sanduku moja tu. Barua ya mwalimu mkuu, ya mpishi, na yangu mimi zote huingia kwenye sanduku hilo hilo, kisha karani wa ofisi huzichambua na kuzipeleka darasani au jikoni. Huko nje hakuna anayejua wala anayejali kwamba ninaketi dawati la tatu karibu na dirisha. Vivyo hivyo, shule nzima huonekana kwenye intaneti kwa anwani moja ya nje, na ndani ya uzio kila mashine ina nambari ya ndani inayojulikana humu humu tu. Mwaka 1996 yalitengwa rasmi mafungu ya nambari za ndani ambayo mtu yeyote aweza kuyatumia nyumbani au kazini kwake bila kumwomba mtu. Zile zinazoanza na 192.168 ni mojawapo, ndiyo maana ukienda kwa jirani mwenye Waifai utazikuta, na ukienda Nairobi utazikuta, nazo hazigongani, kama vile dawati la tatu la shule yetu lisivyogombana na dawati la tatu la shule nyingine.

Anwani za nje hugawanywa kwa mpango. Bara letu la Afrika lina shirika liitwalo AFRINIC, lenye makao yake kisiwani Mauritius, lililotambuliwa rasmi mwaka 2005. Hilo huyapa makampuni ya intaneti mafungu ya anwani, nayo makampuni huwapa wateja. Lakini zile za ndani, hatoki mtu Mauritius kuja Kianjokoma kutugawia. Ni juu yetu wenyewe.

Hapo zamani kazi hiyo ilifanywa kwa mkono. Mtu aliketi mbele ya kila mashine, akaipigia nambari yake, akaiandika daftarini ili asije akaipa mashine nyingine nambari ile ile. Mashine kumi na sita kama zetu si neno. Mashine mia tano je? Na ile inayobebwa mkononi, leo iko hapa, kesho iko kwingine? Mwaka 1985 ulibuniwa utaratibu ulioiwezesha mashine kuuliza nambari yake kwa seva, ila ilibidi mtu awe ameshaiandikisha mapema. Oktoba 1993 ndipo ulipotangazwa utaratibu tunaoutumia mpaka sasa, ujulikanao kwa herufi nne, DHCP. Aliyeuandika ni Ralph Droms, ambaye wakati huo alikuwa katika Chuo Kikuu cha Bucknell huko Marekani. Ulirekebishwa Machi 1997, na hiyo ya 1997 ndiyo inayofanya kazi katika ruta ya maabara yetu. Jambo kubwa jipya katika utaratibu huu lilikuwa hili: nambari haitolewi moja kwa moja, inaazimwa.

Mnaotoka katika familia za wakulima mtanielewa upesi. Mkulima wa majani chai ana nambari yake ya kudumu. Akiuza leo, akiuza mwakani, kilo zake huandikwa kwa nambari hiyo hiyo, na hata akilala mwezi mzima mgonjwa hapewi mtu mwingine. Kiti cha matatu ni jambo jingine. Ukipanda gari pale steji unapewa kiti, ni chako kabisa, hakuna wa kukuondoa. Ukishuka, anakalia mwingine. Nambari za DHCP ni viti vya matatu.

Hebu sasa tusikilize mazungumzo yenyewe, maana ndipo kisa kilipojificha. Chukulia wewe ni mgeni, umeshuka Embu mjini kwa mara ya kwanza, humjui mtu. Utafanya nini? Utapaaza sauti, “Jamani, gari la Kianjokoma ni lipi?” Hukumwita mtu kwa jina, kwa sababu huna jina la kuita. Tarakilishi ikiwashwa hufanya vivyo hivyo. Haina anwani, kwa hiyo mahali pa mtumaji huandika 0.0.0.0, na mahali pa mpokeaji huandika 255.255.255.255, maana yake “kwa wote walio karibu”. Inatia pia nambari yake ya kuzaliwa, ile ya herufi na tarakimu kumi na mbili iliyopigwa kiwandani, ili anayejibu ajue ni nani aliyepiga ukelele.

Seva ikisikia hujibu, “Mimi ninayo 192.168.1.107, utaitaka?” Mashine hujibu, tena kwa sauti ile ile ya kusikiwa na wote, “Nimeikubali ya fulani.” Kwa nini iseme hadharani? Kwa sababu huenda waliojibu ni wawili au watatu, na wale waliokataliwa inafaa wasikie ili warudishe nambari zao mfukoni. Mwisho seva huthibitisha, “Haya, ni yako mpaka kesho saa kama hizi.” Maneno manne tu, na yote huisha kabla hujamaliza kuvuta kiti.

Pamoja na nambari, seva huipa mashine maagizo mengine matatu. La kwanza ni kipimo cha mtaa, kwa kawaida 255.255.255.0, kinachoonyesha kwamba mafungu matatu ya mwanzo ni jina la mtaa na lile la mwisho ni nambari ya nyumba. La pili ni lango, yaani mashine ya kupitia ukitaka kutoka nje ya mtaa. La tatu ni anwani ya yule anayegeuza majina ya tovuti kuwa nambari. Ukikosea lango, hutoki. Ukikosea mtaa, hata jirani uliyeketi naye hamwonani. Mliweke akilini hilo la mtaa.

Na muda wa kuazima je? Hapo pana mfano mzuri wa maktaba. Mwanafunzi mwema hangoji tarehe ya mwisho, hurudi mapema kuomba kitabu kiongezwe siku. Muda ukifika nusu, mashine hurudi kwa yule yule aliyeiazima na kusema, “Niongeze.” Kama muda ulikuwa saa 24, itarudi baada ya saa 12. Isipojibiwa haifi moyo, huendelea kuitumia nambari ile huku ikiuliza tena na tena. Zikifika saa 21 huacha kumtafuta yule mmoja, huanza kupiga kelele kwa yeyote atakayesikia. Saa 24 zikitimia pasipo jibu, lazima iiache nambari. Lakini kabla ya hapo, nambari ni yake hata kama aliyemwazima amekufa, amehama, au amefichwa ndani ya mkoba wa mtu.

Sasa nirudi kwenye Alhamisi yenyewe. Mjomba wangu alikuwa amenipa ruta kuukuu aliyoacha kuitumia. Nami nilikuwa nimeona kwamba vile vipakatalishi viwili vya nyuma havipati Waifai vizuri. Nikawaza, nikiichomeka ruta hii kule nyuma, si nitakuwa nimesaidia shule? Ilikuwa zamu yangu ya kufagia maabara wakati wa chakula cha mchana. Mwalimu hakuwepo. Ningeweza kumngoja dakika arobaini nimuulize, lakini nilitaka aingie akute kazi imekwisha, anipigie makofi.

Ruta nyingi za nyumbani huwa na matundu manne yanayofanana, na moja la rangi tofauti lililotengwa kidogo. Lile la pekee ndilo la kuelekea nje. Yale manne ni ya watoto wa nyumbani. Mimi niliuchukua waya uliotoka kwenye swichi ya maabara (tunaiita swichi ingawa haiwashi taa, ni kile kisanduku cha matundu mengi chini ya meza) nikauchomeka kwenye mojawapo ya yale manne. Taa zikawaka kijani. Nikawasha mashine saba za safu ya nyuma nione kama kuna kilichoharibika. Zote zikaonyesha alama ya mtandao. Nikatabasamu, nikafagia, nikaenda kula githeri.

Nilichokuwa nimekifanya ni kumweka makanga wa pili pale steji. Ruta ya mjomba nayo ilikuwa seva ya DHCP, nayo ilitoka kiwandani ikijiita 192.168.0.1 na kugawa nambari za mtaa wa 192.168.0. Ruta ya shule ni 192.168.1.1, na kichapishi chetu ni 192.168.1.200. Angalieni fungu la tatu: sufuri na moja. Hiyo ni mitaa miwili tofauti. Mashine ikipiga ukelele wake, ruta zote mbili zilisikia, zote mbili zikajibu, na mashine haina njia ya kumtambua mwenye nyumba na mpita njia. Mgeni wa steji humfuata makanga aliyemshika mkono kwanza, kisha anajikuta Runyenjes akidhani yuko njiani kwenda Kianjokoma. Kati ya zile saba, sita zilimfuata makanga wangu. Moja ilibahatika kupata nambari ya shule, na hiyo moja ndiyo iliyotuchanganya baadaye, kwa sababu ilifanya kazi vizuri kabisa katikati ya wagonjwa.

Saa nane kidato cha nne waliingia. Mnajua ilikuwa siku ya mwisho waliyopewa na mwalimu kuchapisha kurasa za mradi wao wa mtihani wa somo la tarakilishi. Waliokaa mbele wakachapa. Waliokaa nyuma, kichapishi hakionekani, intaneti hakuna. Mwalimu akaja na dawa ya kwetu ya kila ugonjwa: zimeni zote, mwashe upya. Wakazima, wakawasha. Masikini, kuwasha upya ndiko kulikozipeleka mashine za mbele nazo steji kupiga ukelele. Zilipoamka, kumi na moja kati ya kumi na sita zilikuwa mtaa wa sufuri. Mashine moja tu haikuzimwa, nambari 14 kule nyuma, kwa kuwa mwenyewe alilia kwamba hajahifadhi kazi yake.

Kelele ziliongezeka. Mwalimu akakataza mtu yeyote asizime wala kuwasha chochote tena. Kisha akauliza ni nani aliyegusa mipangilio hivi karibuni, na watu wakakumbuka kwamba jana yake kiranja wa maabara alionekana akibonyeza bonyeza kichapishi. Kweli alikuwa amebadilisha wino tu. Akanyang'anywa ufunguo pale pale, akaambiwa kesho aje na mzazi. Sisi wa mlima ule tunamjua mamaye. Huchuma majani chai, na siku ya kuja shuleni ni siku isiyo na kilo.

Mimi nilikuwa mlangoni nimetumwa kuleta karatasi. Moyo ulinienda mbio. Saa tisa u nusu nilijifanya naangalia nyaya chini ya meza, nikaichomoa ruta ya mjomba, nikaitia mkobani. Nikajua yameisha: chanzo kimeondoka, mashine zitapona, hakuna mtu atakayejua, na kiranja atarudishiwa ufunguo wake. Nikasimama kando kungoja.

Hazikupona. Dakika tano, dakika kumi, hakuna kitu. Wakati huo sikujua lolote kuhusu muda wa kuazima. Ruta ile ilikuwa imeziazima nambari zake kwa saa 24, na mashine kumi na moja ziliendelea kuzishikilia kama mtu anayekalia kiti cha gari lililokwisha kuondoka. Zilikuwa hazina sababu ya kuuliza tena mpaka usiku wa manane. Kama zingezimwa na kuwashwa mara hiyo, zingepona, maana makanga wa uongo hakuwepo tena. Lakini kuzima kulikuwa kumekatazwa, na ningewezaje kumwambia mwalimu azime bila kueleza nimejuaje?

Mwalimu alimpigia simu rafiki yake wa Embu anayefanya kazi hizi. Akaelekezwa afungue lile dirisha jeusi la kuandikia amri, aandike ipconfig /all, kisha asome mstari mmoja mmoja. Ninawasihi mjifunze amri hiyo, maana hueleza kila kitu: nambari ya mashine, mtaa, lango, nani aliyeazima, saa ngapi aliazima, na ataidai lini. Akasoma kwa sauti, “Aliyeazima ni 192.168.0.1.” Akanyamaza. “Sisi hatuna 192.168.0.1.” Wakaitafuta kwenye mtandao, haijibu. Wakawa wanamtafuta mtu aliyekwisha kuondoka.

Kisha akaenda kwenye mashine nambari 14, ile ambayo haikuzimwa. Akasoma saa ya kuazimwa: saa saba na dakika ishirini mchana. Akageuka. “Saa saba na dakika ishirini nani alikuwa humu?” Kiranja akasema yeye alikuwa kwenye kikao cha viranja na naibu wa mwalimu mkuu, na wenzake sita wakashuhudia. Orodha ya zamu za kufagia imebandikwa ukutani, karibu na ubao. Sitajisifu kwamba nilisema kwa hiari, kwa kuwa macho ya watu yalikuwa yameanza kuelekea kwenye orodha ile. Nilifungua mkoba, nikaiweka ruta mezani, nikasema, “Mwalimu, ni mimi.”

Sitasimulia yaliyofuata yote. Nilipewa kazi ya kwenda mashine moja baada ya nyingine, kumi na moja, nikiandika amri mbili. Ya kwanza, ipconfig /release, huiambia mashine irudishe ilichoazima. Ya pili, ipconfig /renew, huiambia iombe upya. Kila moja ilipata nambari ya mtaa wa moja kwa sekunde chache, na kichapishi kikaonekana. Kidato cha nne walimaliza kuchapisha giza likiingia. Wengi wao hutembea mbali, na mvua ilikuwa imeanza. Kiranja alirudishiwa ufunguo. Jioni ile tuliteremka naye njia moja hadi mtoni, hakunisemesha hata neno. Mzazi aliyekuja shuleni kesho yake alikuwa wangu.

Baada ya hapo mwalimu aliniamuru nisome utaratibu huu mpaka niweze kuwafundisha wengine. Kwa hiyo niwape kwa ufupi niliyojifunza kuhusu magonjwa mengine, maana lile langu si la kila siku.

Kwanza tazama taa pale waya unapoingia. Haikuwaka? Usipoteze muda na amri, kagua waya. Ikiwa imewaka, tazama nambari. Ukiona inaanza na 169.254, hiyo haikutoka kwa seva yoyote. Mashine ilipiga ukelele, ikakosa jibu, ikajibunia nambari yenyewe ili isikae bure. Huku kwetu hutokea sana umeme ukipotea na kurudi: tarakilishi huamka upesi, ruta huchelewa, ukelele unapigwa mwenye kujibu akiwa bado analala. Dawa yake ni kungoja kidogo kisha kuomba upya, na ikiwezekana washa ruta kwanza, hesabu dakika mbili, halafu washa mashine.

Ugonjwa mwingine ni viti kujaa. Mwanzoni ruta yetu ilikuwa imepangiwa nambari ishirini tu, tena kwa muda wa wiki nzima. Siku ya wazazi wageni waliunganisha simu zao, wakaenda zao, na nambari zikabaki zimeandikwa kwa majina yao. Jumatatu mashine nne zikakosa. Mahali penye wapita njia wengi, muda wa kuazima uwe mfupi, saa mbili au tatu. Kwenye maabara ambayo mashine hazihami, siku moja au zaidi haina ubaya.

Wa mwisho ni mashine mbili kuwa na nambari moja. Aghalabu mtu aliipa kichapishi nambari ya kudumu kwa mkono, nambari ambayo iko ndani ya zile ambazo seva hugawa. Siku moja seva humpa mwingine ile ile, na vita vinaanza.

Ukitaka kupanga tangu mwanzo, fungua ukurasa wa ruta kwa kuandika anwani yake mahali pa kuandikia anwani za tovuti, utafute sehemu iliyoandikwa DHCP. Sisi tumeiwekea mwanzo 192.168.1.50 na mwisho 192.168.1.150. Hizo ni nambari 101, si 100, hesabuni wenyewe. Chini ya 50 na juu ya 150 tumeziacha kwa vitu vya kudumu. Kichapishi chaweza kupewa nambari kwa njia mbili, ama kwa mkono kwenye kichapishi chenyewe, ama kwa kuiambia ruta, “Ukisikia nambari hii ya kuzaliwa ikiomba, mpe 200 kila mara.” Mimi napendelea ya pili, kwa sababu mambo yote hubaki yameandikwa mahali pamoja, na atakayekuja baada yetu hatahitaji kukisia. Nywila ya ukurasa huo nayo ibadilishwe, ile ya kiwandani inajulikana na kila mtu.

Na ruta ya mjomba? Haikutupwa. Mwalimu alikubali itumike, baada ya kunieleza kwamba wazo lilikuwa zuri, utekelezaji ndio uliokuwa wa kinyang'anyiro. Nilizima DHCP yake ili isimwazime mtu nambari tena, nikaipa anwani 192.168.1.2, iliyo nje ya zile zinazogawanywa, ndipo nikaichomeka kwenye tundu lile lile nililolitumia siku ile. Sasa kazi yake ni kupitisha Waifai tu, na vipakatalishi vya nyuma vinapata mtandao bila shida. Iko juu ya kabati. Kiranja wa maabara ndiye aliyebandika karatasi juu yake. Ameandika nambari yake, 192.168.1.2, na chini yake jina langu, ili ikileta shida tena wajue pa kuanzia.